Wagonjwa wa Parkinson wafunzwe taichi hospitalini

Yapo maradhi ambayo jamii yetu imeyazoea hata watoto wa shule huyataja kwa majina. Mtu akishikwa na homa, tutamwuliza kama amepimwa malaria. Akipooza upande mmoja wa mwili, tutasema ni kiharusi na tutamkimbiza hospitalini. Lakini mzee akianza kutetemeka mkono, akatembea kwa hatua fupi fupi huku ameinama kama mtu atafutaye sarafu iliyodondoka, sauti yake ikafifia na uso wake ukakauka usionyeshe furaha wala huzuni, aghalabu hatuna jina la kumpa. Wengine husema ni uzee tu. Wengine, na hao si wachache, hunong'ona kwamba amerogwa au kwamba analipia madhambi ya ujanani.

Hali hiyo ina jina. Ni maradhi ya Parkinson, na leo nataka kuyazungumzia kwa sababu moja mahsusi. Kuna zoezi la jadi la Kichina liitwalo taichi ambalo limepimwa na madaktari, likaonekana kuwasaidia wagonjwa hawa kusimama imara na kupunguza kuanguka kwao. Halihitaji mashine wala umeme, wala halimezwi kwa maji. Rai yangu ni kwamba hospitali zetu za kaunti ziwafunze wagonjwa zoezi hilo sambamba na dawa wanazopewa, na kwamba sisi wananchi tuache kulikejeli kwa kuwa limetoka ugenini, na vile vile tuache kulitukuza kana kwamba ni muujiza.

Kabla ya kufika huko, yafaa tuyafahamu maradhi yenyewe. Tabibu Mwingereza James Parkinson, aliyekuwa akitibu watu katika mtaa wa Hoxton mjini London, aliandika kitabu kidogo juu yake mwaka 1817. Alieleza habari za wagonjwa 6, baadhi yao akiwa amewaona tu wakipita barabarani. Miaka mingi baadaye daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alipendekeza kwamba maradhi hayo yapewe jina la huyo Mwingereza, na ndivyo yaitwavyo hadi leo.

Chanzo chake kimo ndani ya ubongo. Kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo huusaidia ubongo kuendesha miondoko ambayo mtu mwenye afya huifanya bila kuiwazia: kutembea, kugeuka, kufunga vifungo vya shati, kumeza mate. Katika maradhi haya seli hizo hufa pole pole, na wakati mgonjwa anapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kufa. Maradhi haya hayaambukizi. Wala hayana uhusiano wowote na uchawi.

Isitoshe, si maradhi ya wakongwe peke yao. Bondia Muhammad Ali, ambaye wasomaji wa rika la kina sisi watakumbuka ziara yake ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1980 akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter wa Marekani, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1984. Alikuwa na umri wa miaka 42. Ulimwengu mzima ulimtazama mwaka 1996 mjini Atlanta akiwasha moto wa Michezo ya Olimpiki kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeizuru Kenya mara tatu, yaani mwaka 1980, 1985 na 1995, aliugua maradhi hayo hayo katika miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 2005. Ikiwa watu wa daraja hilo waliugua mbele ya macho ya dunia, ni kwa haki gani tunamtazama mzee wa kijijini kwa jicho la tuhuma?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na maradhi haya. Huenda msomaji akadhani kwamba wote hao wako Ulaya na Marekani. La hasha. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro upande wa Tanzania, walipata wagonjwa 33 katika eneo lenye wakazi zaidi ya 160,000. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008. La kusikitisha ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wanaugua nini. Hai haiko mbali na Taveta wala Loitokitok. Sioni sababu ya kuamini kwamba mpaka wa nchi huyazuia maradhi haya kuvuka.

Ni kweli kwamba dawa ipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wamekuwa wakitumia levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dawa hiyo imewarudishia watu wengi uwezo wa kula kwa mikono yao wenyewe na kuvaa nguo bila kusaidiwa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa shirika hilo hilo limekiri kwamba katika nchi nyingi zenye kipato kidogo haipatikani kwa urahisi. Hata hivyo levodopa ina mipaka yake. Baada ya miaka kadhaa nguvu yake huanza kuisha kabla ya saa ya kumeza kidonge kingine kufika, na wagonjwa wengine hupata miondoko ya viungo wasiyoitaka. Fauka ya hayo, mambo ambayo dawa hii huyatibu vizuri ni ukakamavu wa misuli na uzito wa miondoko. Katika suala la mwili kujisawazisha usianguke, msaada wake ni mdogo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Namfahamu mzee mmoja, jirani yetu kule nyumbani, aliyekuwa seremala hodari. Baada ya kusingiziwa mengi na watu wa mtaa, hatimaye alipelekwa katika hospitali moja ambako maradhi yake yalitambuliwa, akaandikiwa vidonge na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuinuka kitini, wala namna ya kupita mlangoni bila miguu kumganda. Vidonge vilimsaidia sana mkono. Lakini aliendelea kuanguka, na mara moja alianguka karibu na jiko la makaa. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mwanangu, mkono huu hauniogopeshi tena. Ninachokiogopa sasa ni kugeuka."

Maneno ya mzee yule ni elimu tosha. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Parkinson huanguka walau mara moja kwa mwaka, na wengi wao huanguka tena na tena. Kwa mtu wa makamo au mkongwe, kuanguka ni jambo la hatari. Mfupa wa nyonga ukivunjika, mgonjwa hulazwa. Akilala muda mrefu, misuli hulegea na mapafu huweza kuingiwa na maradhi. Na hata asipovunjika mfupa, hofu humfunga. Hataki kwenda kanisani wala msikitini, hataki kwenda baraza la wazee, hataki hata kutoka uani. Hivyo mtu aliyekuwa nguzo ya ukoo huwa mfungwa wa kiti chake.

Sasa tuitazame taichi. Jina lake kamili ni taijiquan, na asili yake ni sanaa ya kupigana. Mapokeo ya Wachina wengi huihusisha na ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan, hasa shujaa Chen Wangting aliyeishi katika karne ya 17. Katika karne ya 19 Yang Luchan, aliyejifunza kwa ukoo huo, aliipeleka Beijing na kuwafundisha wengine. Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mtindo mfupi wenye miondoko 24 ili wananchi wa kawaida waweze kujifunza kwa ajili ya siha. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya turathi za utamaduni za binadamu. Anayefika katika bustani za Beijing au Shanghai alfajiri atawaona wazee kwa makumi wakiifanya pamoja, kimya, kwa mwendo wa taratibu.

Msomaji aliyezoea kuona wanamichezo wetu wakitimua mbio huko Iten huenda akacheka. Zoezi gani hili ambalo mtu hatoki jasho? Lakini utaratibu huo ndio dawa yenyewe. Katika taichi mwanafunzi hukunja magoti kidogo, hunyoosha kiwiliwili, kisha huuhamisha uzito wa mwili wote kutoka mguu mmoja hadi mwingine kabla ya kuinua unyayo. Walimu wa Kichina huuita mguu unaobeba uzito kuwa umejaa, na ule mwingine kuwa mtupu. Hatua haipigwi mpaka mtu ajue ni upi uliojaa na ni upi ulio mtupu. Kisha kiuno hugeuka pamoja na kichwa na mikono, bila papara. Kuna mwondoko uitwao mikono kama mawingu, ambao humfunza mtu kwenda kando. Kuna mwingine wa kumfukuza nyani, ambao humfunza kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Linganisha hayo na shida za mgonjwa wetu. Yeye huinama mbele, taichi humnyoosha. Hatua zake ni fupi na huburura nyayo. Taichi humtaka ainue mguu na kuuweka chini kuanzia kisigino. Yeye huanguka anapogeuka au anapovutwa nyuma, na zoezi hili karibu lote ni kugeuka na kurudi nyuma. Tena kuna jambo la ndani zaidi. Ubongo wa mgonjwa umepoteza uwezo wa kuendesha miondoko yenyewe kwa yenyewe, lakini bado unaweza kuiendesha kwa kukusudia. Ndiyo maana mgonjwa aliyeganda njiani huweza kupiga hatua akichorewa mstari sakafuni au akihesabiwa moja, mbili. Taichi humzoeza kuukusudia kila mwondoko, akijua mguu uko wapi na uzito umelalia wapi.

Hayo yangebaki kuwa maneno matamu kama hayangepimwa. Lakini yamepimwa. Mwezi Februari 2012 jarida la tiba la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Fuzhong Li wa taasisi ya utafiti ya Oregon. Wagonjwa 195 wenye Parkinson ya kiwango cha chini na cha wastani waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 65. Kundi moja lilifunzwa taichi, la pili mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli kwa kutumia uzito, na la tatu mazoezi ya kunyoosha viungo. Kila kundi lilikutana mara mbili kwa wiki, dakika 60 kila mara, kwa muda wa wiki 24. Taichi waliyofunzwa haikuwa ndefu. Ilikuwa miondoko 6 iliyopangwa kwa ajili yao.

Matokeo yalikuwa wazi. Kundi la taichi lilizishinda zote mbili katika uwezo wa kuuegemeza mwili upande huu na ule bila kuanguka, na katika kuuelekeza mwili pale mtu alipokusudia. Katika kundi hilo matukio ya kuanguka yalikuwa takriban theluthi moja ya yale ya kundi la kunyoosha viungo. Miezi mitatu baada ya mafunzo kwisha, faida ilikuwa bado ipo. Kwa uaminifu sharti niongeze kwamba tofauti ya kuanguka kati ya taichi na mazoezi ya uzito haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Utafiti mwingine ulitoka China kwenyewe, katika hospitali ya Ruijin mjini Shanghai, ukachapishwa mwaka 2023. Madaktari waliwafuatilia wagonjwa 147 waliokuwa wakifanya taichi mara mbili kwa wiki, na wengine 187 waliotibiwa kwa dawa bila zoezi hilo, kuanzia mwaka 2016 hadi 2021. Hali ya waliofanya taichi ilizorota polepole zaidi, na haja yao ya kuongezewa dawa ilikuwa ndogo. Lakini wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Yamkini wale waliojichagulia taichi walikuwa na bidii na afya zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo naupokea utafiti huo kama dalili njema, bila kuufanya kuwa hukumu ya mwisho.

Sasa nizijibu hoja za wale watakaonipinga, kwa maana najua wapo.

Watasema kwanza kwamba haya ni mambo ya dini za kigeni, na kwamba Mkristo au Mwislamu safi hapaswi kuyagusa. Ni kweli kwamba jina la taichi limetokana na falsafa ya kale ya Wachina. Lakini wagonjwa wa Oregon hawakusali sala yoyote wala hawakubadili imani zao. Walihamisha uzito kutoka mguu wa kulia hadi wa kushoto. Wazee wetu wa Pwani husema elimu itafutwe hata kama iko Uchina, na sidhani walimaanisha elimu ya biashara peke yake.

Watasema pili kwamba mambo ya jadi yameshapitwa na wakati. Hao nawakumbusha upupu. Mmea huu tunaoukimbia porini kwa kuwa unawasha ngozi una levodopa ndani ya mbegu zake, na waganga wa India waliutumia karne nyingi kabla ya viwanda kutengeneza vidonge. Sisemi mtu ale mbegu za upupu. Asithubutu, kwa maana kipimo chake hakijulikani kwa macho. Ninachosema ni kwamba jambo la jadi lisitupwe wala lisiabudiwe kabla ya kupimwa. Likishapimwa na kufaulu, huwa tiba kama tiba nyingine.

Watasema tatu: mbona usitetee ngoma zetu? Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Mwaka 2023 jopo la Cochrane, linalokusanya na kulinganisha tafiti za tiba, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 156 yaliyohusisha wagonjwa 7,939 wa Parkinson. Jopo hilo liliona kwamba karibu kila aina ya mazoezi husaidia kuliko kukaa bure, na kwamba tofauti kati ya aina moja na nyingine ni ndogo. Kucheza dansi kulikuwa miongoni mwa yaliyosaidia. Basi mzee wa Mlima Kenya anayeweza kucheza mwomboko kwa hatua zake za taratibu, na acheze, tena acheze mara mbili kwa wiki. Nitafurahi sana siku watafiti wetu watakapoipima ngoma hiyo. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kungoja. Taichi tayari ina utaratibu uliojaribiwa kwa wagonjwa hawa hawa, haihitaji mwenzi wala kinanda, na huanza pale ambapo mgonjwa yupo, yaani kusimama tu. Asiyeweza kusimama huweza hata kuianza akiwa ameketi.

Kuna kundi la nne, na hili silo la wapinzani bali la mashabiki wa kupindukia. Hao ndio ninaowahofia zaidi. Mara tu jambo linapopata sifa mjini, hujitokeza mtu mwenye chumba na bango, akidai kwamba zoezi lake linaponya kila kitu na kwamba vidonge vya hospitali ni sumu. Nasema wazi: taichi haiponyi Parkinson. Haifufui seli zilizokufa. Wagonjwa wote niliowataja katika tafiti hizi hawakuambiwa watupe dawa zao. Mgonjwa anayeacha levodopa ghafla hujitia katika hatari kubwa. Yeyote atakayekuambia uache dawa ufuate mazoezi peke yake, mkimbie kama unavyomkimbia mwizi.

Tukizikubali hoja hizo, je, tufanye nini? Tangu mwaka 2013 huduma za hospitali nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mawaziri wa afya wa kaunti ndio ninaowaelekezea ombi langu. Hospitali kubwa ya kaunti ina wataalamu wa tiba ya viungo. Wachaguliwe wawili au watatu katika kila hospitali, wafunzwe miondoko hiyo 6 na namna ya kuwakinga wagonjwa wasianguke wakijifunza. Ukumbi wa hospitali wenye sakafu kavu, viti imara vya kushikilia na saa ya ukutani, hivyo ndivyo vifaa vyote. Daktari anapoandika vidonge, aandike pia siku za darasa. Mgonjwa asitoke hospitalini na karatasi ya dawa peke yake, kama alivyotoka yule seremala.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii, wale takriban 100,000 waliopewa vifaa vya kazi mwaka 2023, wafunzwe kuzitambua dalili za maradhi haya wanapopita nyumba kwa nyumba. Mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, hatua zinazofupika, mwandiko unaozidi kuwa mdogo na sauti inayofifia ni dalili ambazo hazihitaji mashine kuzigundua. Mhudumu anayemshauri mama juu ya chanjo anaweza vile vile kumwambia kijana, "Baba yako hakurogwa. Mpeleke hospitalini." Utafiti wa Hai ulitufundisha kwamba wagonjwa wapo, na kwamba hawatafutwi ndiyo maana hawaonekani.

Tatu, tuwatumie Wachina wenyewe. Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Tumepokea kutoka China barabara na reli, pamoja na madeni yake. Halingekuwa jambo la ajabu kuwaomba watuletee pia walimu wachache wa taichi wenye ujuzi wa kufundisha wagonjwa, wakawafundisha wataalamu wetu kisha wakarudi kwao. Msaada wa namna hii hauna riba.

Nne, makanisa na misikiti ina kumbi ambazo siku za wiki hukaa tupu. Darasa la wagonjwa kumi na jamaa zao mara mbili kwa wiki haliharibu ukumbi. Kukutana kwenyewe ni faida, maana mgonjwa aliyejifungia chumbani akidhani ni yeye peke yake aliyelaaniwa huwaona wenzake na kutambua kwamba anaugua tu, kama watu wengine wanavyougua.

Kwa jamaa wanaowatunza wagonjwa nyumbani, nina nasaha chache. Msianze zoezi lolote kabla ya kumwuliza daktari, hasa kama mgonjwa hupatwa na kizunguzungu anapoinuka. Chagueni saa ambayo dawa imekwisha kushika, wala si wakati anapoingoja. Awe na kiti kizito mbele yake na mtu nyuma yake. Ondoeni mikeka inayoteleza. Anze kwa kuhamisha uzito tu, mguu hadi mguu, kwa dakika chache. Na msimharakishe. Mtu anayeambiwa "haraka, haraka" huganda zaidi, na anayepewa nafasi ya kukusudia hatua yake huipiga.

Haba na haba hujaza kibaba. Wagonjwa wa Oregon walihitaji saa mbili kwa wiki, kwa muda usiofika nusu mwaka, ili miguu yao ianze kuiamini ardhi tena. Saa mbili kwa wiki si nyingi mno kwa hospitali inayojiita ya umma, wala si nyingi mno kwa kijana aliyelelewa na baba huyo huyo anayeanguka leo.

Kuna methali yetu isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu kutoka Chenjiagou hataleta kupona kamili, nami nimekwisha kulisema hilo. Lakini akimwezesha mzee kugeuka mlangoni pake bila kuanguka, atakuwa amefanya jambo ambalo vidonge peke yake vimeshindwa kulifanya. Waheshimiwa wa kaunti wanasubiri nini kumkaribisha?